Ukizima sauti, unamjua mwongozaji? Uzi wa sinema za mashujaa wa katuni

Fundi wa Mwangaza (mleta uzi), Bagamoyo

Wakuu, habari za jioni.

Jana kijiweni palizuka ubishi ambao nimelala nao na kuamka nao. Kijana mmoja, ninayemheshimu kwa jinsi anavyofuatilia sinema, alisema muvi za mashujaa wa katuni hazina mwongozaji, zina kampuni. Mtoe huyu mlete yule, vazi ni lilelile, kompyuta ni zilezile, picha itatoka ileile. Wengi wakamuunga mkono. Nilikuwa na mengi ya kusema, ila Magharibi iliingia tukatawanyika. Ndiyo maana nimeyaleta hapa.

Kazi yangu ni kupiga video, harusi na maulidi kwa wingi, na mara mojamoja vifilamu vifupi na vijana waliopita TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo. Lakini macho yangu hayakusomea chuoni. Yalisomea kibanda umiza. Mliokulia huko mnajua: mabenchi ya mbao, televisheni ya inchi 21, joto, na DJ anayetafsiri juu ya sinema kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sauti yake ilifunika maneno yote ya waigizaji, na muziki ukamezwa. Majina ya watengenezaji hatukuyaona, maana mwanzo wa mkanda ulikatwa likawekwa tangazo la DJ mwenyewe. Tulichobakiwa nacho ni picha.

Na bado tulikuwa tukijua. Kuna siku iliwekwa kwenye deki sinema mpya, dakika kumi hazijaisha mwenzangu akaninong'oneza, "Huyu ni yule wa kamera inayokimbia." Hakujua jina. Mimi pia sikulijua. Miaka baadaye nikagundua alikuwa anamsema mwongozaji Sam Raimi.

Tazameni tukio la hospitalini katika Spider-Man 2 ya mwaka 2004. Madaktari wamesimama na msumeno, wanataka kuikata mikono ya chuma iliyomganda Daktari Octopus mgongoni. Mikono inaamka. Kuanzia hapo steringi hayupo kabisa. Kuna kivuli ukutani, kuna jicho linalopanuka, kuna kucha za mwanamke zinazokwaruza sakafu akiburutwa, na kamera inamvamia mtu usoni kana kwamba yenyewe ndiyo muuaji. Ni sinema ya watoto wa shule, lakini dakika zile ni za kutisha hasa. Na Raimi alishayafanya hayo mwaka 1981 kwenye The Evil Dead, alipokuwa hana hela: kamera ilifungwa katikati ya ubao, watu wawili wakashika ncha mbili, wakatimua mbio nao msituni.

Sisi tulijaribu ubao ule ufukweni, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umekaza. Mara ya kwanza tulitumia ubao mfupi, picha ikarukaruka haitazamiki. Tukachukua mrefu, karibu urefu wa mtu na nusu. Mtikisiko wa miguu ukaishia kwenye ncha, pale katikati kamera ikawa inaelea. Inaelea lakini haitulii, inapepesuka kidogo kama mnyama anayenusa. Hapo nikaelewa kwamba ule mwendo haukuwa bahati. Kuna mtu aliupenda, akaubeba kutoka kwenye ubao hadi kwenye muvi ya mamilioni ya dola.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Rangi inaweza kubadilishwa hata baada ya kazi yote kupigwa. Vazi lina fundi wake. Ila kamera imesimama wapi, imesogeaje, imemkazia nani macho na kwa muda gani kabla ya kukatwa, huko ndiko ninakomtafuta mwongozaji. Na kwenye sinema za mashujaa yupo, kwa wale waliomudu kumlinda. Nawasikiliza.

Mwana Makorora, Tanga

Mkuu, uzi mzuri na nimeusoma mara mbili. Ila hapo kwenye kamera nakupinga. Kamera ina mwenyewe, naye ni mpiga picha mkuu. Spider-Man 2 unayoisifia ilipigwa na Bill Pope. Chukua The Batman ya 2022: ile mvua, ule wekundu, zile kingo za picha zinazofifia kama unaangalia kupitia kioo cha gari lenye ukungu. Mwongozaji ni Matt Reeves, lakini aliyeshika picha ni Greig Fraser, yuleyule aliyepata Oscar kwa Dune. Weka sinema zake mbili tatu pamoja utaona mkono wake. Kwa nini sifa apewe aliyekaa kitini?

Fundi wa Mwangaza

Kaka wa Makorora, kwa The Batman nakupa nusu nzima bila kinyongo. Rangi na ule ukungu ni wa Fraser kwa kiasi kikubwa.

Lakini mfuate Raimi. Spider-Man ya 2002 ilipigwa na Don Burgess. Ya 2004 na ya 2007, Bill Pope. Doctor Strange in the Multiverse of Madness ya 2022, John Mathieson. Wapiga picha watatu, kampuni mbili, miaka ishirini. Na kwenye hiyo ya mwisho bado kamera inakimbilia nyuso, maiti inafufuka, na kuna mahali watu wawili wanapigana kwa alama za muziki zilizong'olewa kwenye karatasi. Kama mkono ungekuwa wa mpiga picha, ungebadilika kila alipobadilishwa yeye.

Ryan Coogler naye vilevile. Kwenye Creed ya 2015 kuna pambano la ngumi linalokwenda bila mkato, mpiga picha Maryse Alberti. Kwenye Black Panther ya 2018, mpiga picha ni Rachel Morrison, na tukio la kasino kule Busan, Korea Kusini, linakwenda vilevile: kamera inamwacha huyu chini, inapanda ghorofani kwa Okoye, mlinzi wa mfalme, inarudi, haikati. Halafu kuna pale Killmonger, adui wa mfalme, anapoingia kwenye chumba cha enzi. Kamera inaanza ikiwa juu chini, inageuka polepole kadiri anavyokisogelea kiti. Ufalme umepinduliwa, na hakuna aliyefungua mdomo kukwambia. Kwenye kibanda chetu DJ alikuwa anaeleza kitu kingine kabisa wakati huo, na watu wote walinyamaza.

Bi Mshono, Bagamoyo

Naomba nichangie kama fundi cherehani, maana kaka yangu Fundi amepita kwenye vazi haraka mno. "Vazi lina fundi wake." Sawa, na fundi huyo anaitwa Ruth E. Carter.

Hilohilo tukio la kasino ulilolitaja. Umeona rangi? Okoye amevaa nyekundu, mfalme T'Challa nyeusi, mwenzao Nakia kijani. Ile ni bendera ya Waafrika wote, imetembezwa ukumbini na watu watatu. Kamera isingekuwa na cha kufuata kama rangi zile hazikupangwa, na ndiyo maana hata inapozunguka kwa kasi hupotezi nani yuko wapi. W'Kabi amejifunika blanketi la Kisotho. Taji la malkia limetokana na kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa, likatengenezwa kwa mashine ya kuchapa vitu vyenye umbo (3D). Mwaka 2019 Carter alipata Oscar ya mavazi na Hannah Beachler akapata ya usanifu wa mandhari, wanawake weusi wa kwanza kushinda katika nafasi hizo.

Mimi nikishona sare za harusi, bibi harusi ndiye anayechagua kitambaa, lakini mshono ni wangu. Anayeiona sare anawaona watu wawili. Sioni kwa nini kwenye sinema lazima tumtafute mtu mmoja.

Fundi wa Mwangaza

Dada, umenipiga mahali penyewe. Nilikuwa nimelitazama tukio lile labda mara kumi, na bendera sikuiona.

Mzee wa Mkanda

Vijana, mimi nilikuwa na deki enzi za kanda kubwa. Batman ya Tim Burton, ya 1989, niliionyesha hadi mkanda ukaanza kutoa mvua.

Wazee tuliikubali kwa sababu ya mji. Ule mji haukuwa wa Marekani, ulikuwa wa jinamizi. Mabomba yametokeza nje, minara imeinama, hakuna mbingu. Ulijengwa kwenye viwanja vya studio ya Pinewood, Uingereza, na aliyeubuni, Anton Furst, alitoka na Oscar pamoja na mwenzake Peter Young. Na Batman mwenyewe, Michael Keaton, lile vazi la mpira lilimbana shingo asiweze kugeuza kichwa. Akitaka kumtazama mtu anageuka mwili mzima. Burton akaiacha hivyo na kuitumia, ikawa ndiyo tabia ya yule mtu: anasimama, ananyamaza, kisha anageuka wote kwa pamoja kama mlango.

Ushahidi wangu kwa yule kijana wa kijiweni ni mwepesi. Mwaka 1992 Burton alitoa ya pili, theluji na huzuni. Mwaka 1995 kampuni ileile, popo yuleyule, jina la mji lilelile, akapewa Joel Schumacher. Kanda ilipofika niliiweka, mji mzima umejaa taa za rangi, sanamu kubwa kama majengo. Wateja wakaniuliza kama nimebadilisha sinema.

Mwana Makorora

Shikamoo mzee. Hiyo ya shingo nimeipenda sana.

Kijana wa Dunda

Marahaba za mzee nazipokea na mimi kwa niaba ya wenzangu. Mimi ndiye niliyebishana kijiweni, na naandika kwa heshima zote, kaka Fundi.

Mifano yenu yote ni mizuri, ila tazameni: Burton, Raimi, Schumacher. Ni watu wa zamani, kabla mashine haijajengwa. Mimi nilikuwa nasemea mashine. Siku hizi mapigano yanachorwa kwenye kompyuta kwanza, yote, kamera inapita wapi, nani anaruka lini. Kuna makampuni ambayo kazi yao ni hiyo tu, na mara nyingine wanaanza kabla mwongozaji hajakaa sawa. Lucrecia Martel, mwongozaji wa Argentina, alieleza kwamba alipozungumza na Marvel, kampuni ya sinema za mashujaa, kuhusu Black Widow aliambiwa asijali kuhusu mapigano, wapo wa kuyashughulikia. Edgar Wright alikaa na Ant-Man miaka mingi, akaondoka mwaka 2014 kabla ya kupiga.

Na matokeo yake ni lile pambano la uwanja wa ndege katika Captain America: Civil War, 2016. Mashujaa kumi na wawili, lami ya kijivu, anga la kijivu, ukuta wa kijivu. Walipiga sehemu kwenye uwanja halisi wa Leipzig, Ujerumani, na bado panaonekana kama maegesho ya magari. Nioneshe hapo mwongozaji yuko wapi.

Fundi wa Mwangaza

Mdogo wangu, sasa nimekuelewa vizuri kuliko kijiweni. Kuhusu mapigano yanayochorwa kabla, sina la kukupinga, na linaniuma kama linavyokuuma wewe. Kumwambia mwongozaji asijali kuhusu mapigano kwenye sinema ya mashujaa ni sawa na kumwambia mpishi wa pilau asijali kuhusu wali.

Lakini mashine hiyohiyo ilitupatia jaribio ambalo hata tungelipanga tusingelipata. Justice League.

Zack Snyder aliipiga. Mwaka 2017, kabla haijamalizika, alipatwa na msiba wa binti yake akaondoka. Akaletwa Joss Whedon, akaandika upya, akapiga upya vipande vingi, ikatoka mwaka huohuo ikiwa ya saa mbili. Mwaka 2021 Snyder akapewa nafasi ya kuitoa kama alivyokusudia, ikawa ya saa nne. Waigizaji walewale, mavazi karibu yote yaleyale, mpiga picha mkuu Fabian Wagner, na kipande kikubwa cha picha ni kilekile kilichotoka kwenye kamera ileile.

Kaa nazo siku moja, ya kwanza asubuhi, ya pili jioni. Kwenye ya 2017 pambano la mwisho lina mbingu nyekundu kama karai la makaa, watu wanatupiana utani, kila kitu kinakatwa haraka. Kwenye ya 2021 mbingu ni giza. Snyder anapunguza mwendo hadi unaona tone la maji likiwa hewani, na anawasimamisha watu wake kama sanamu, kutoka chini kwenda juu, miguu imekita. Hata umbo la picha alilibadilisha. Badala ya upana tuliouzoea akaweka picha inayokaribia mraba, ndefu kwenda juu, kwa kuifikiria skrini kubwa ya IMAX. Mimi si mpenzi wa Snyder. Mwendo wake wa pole unanichosha, na kuna wakati natamani mtu amwambie mhusika atembee tu kama watu. Lakini siwezi kusema hana mkono. Anao mpaka unazidi.

Na kwa Marvel yako, mtazame Chloé Zhao. Eternals, 2021. Mpiga picha wake alikuwa Ben Davis, yuleyule aliyeipigia kampuni hiyohiyo Guardians of the Galaxy, Avengers: Age of Ultron, Doctor Strange na Captain Marvel. Kampuni moja, jicho moja. Lakini kwa Zhao wakatoka nje, visiwa vya Canary, wakalisubiri jua. Watu wenye uwezo wa miungu wamesimama ufukweni, jua liko chini nyuma yao, na upepo unawapeperusha nywele hasa. Hadithi yenyewe ilinishinda, wahusika ni wengi kupita kiasi, ila ule mwanga naujua.

Naujua kwa sababu ndio riziki yangu. Hapa jua linatoka baharini. Maharusi wakitaka picha za alfajiri, nawaambia wawe mchangani kabla ya majahazi kuanza kushusha samaki, maana huku kwetu karibu na Ikweta jua hupanda wima, halina subira. Ule mwanga wa dhahabu wenzetu wa mbali wanaukaa nao muda mrefu, sisi tunauwahi. Ukichelewa kwa kuvaa viatu, umekwisha, nyuso zimeshaanza kupata vivuli chini ya macho. Mwongozaji anayekubali kuwasimamisha watu mia kwa ajili ya mwanga wa aina hiyo, huku kompyuta ingeweza kumtengenezea, ameamua jambo. Hilo ndilo ninaloliita mkono.

Mwana Makorora

Hilo umbo la picha limenikumbusha. Tulipoiweka ile ya 2021 huku Ngamiani, watu walipoona kiza pande mbili za televisheni walisema kioo kimeharibika. Mwenye banda alitumia nusu saa na rimoti akijaribu kuivuta. Alipofanikiwa kuivuta, Superman akawa mnene. Tukamwomba airudishe.

Niongeze mwongozaji Christopher Nolan, maana sijaona aliyemtaja. The Dark Knight ya 2008 ilikuwa sinema kubwa ya kwanza ya hadithi kupigwa kwa sehemu na kamera za IMAX. Huo ukubwa sisi hatukuupata, kioo chetu ni kidogo. Lakini lile lori linalopinduka kichwa chini miguu juu barabarani Chicago, walilipindua kweli, na uzito ule ulifika mpaka kwenye benchi. Mtu wa mbele yangu alirudi nyuma akanigonga goti.

Kijana wa Katuni

Wakuu, kwa ufupi. Hulk ya Ang Lee, 2003, aligawa kioo vipande kama kurasa za kitabu cha katuni. Wengi walimcheka, mimi nilipenda. Thor ya Kenneth Branagh, 2011, kamera imelalia upande karibu kila dakika.

Na msisahau za kuchora. Kwenye Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018, mwanzoni Miles, dogo anayejifunza kuwa Spider-Man, amechorwa kwa picha 12 kwa sekunde, na Peter, Spider-Man mkubwa aliye pembeni yake, picha 24. Ndiyo maana dogo anaonekana kujikwaa na mkubwa anateleza. Waongozaji walikuwa watatu, sasa mkono huo tumpe nani?

Fundi wa Mwangaza

Kijana wa Katuni, hilo la 12 na 24 nitalala nalo. Kwa Branagh naona kamera imelala bila kuambiwa ilale kwa nini. Kwa swali la watatu sina jibu, na baada ya maneno ya Bi Mshono nimeanza kuona kwamba huenda sikuliuliza swali langu vizuri tangu mwanzo.

Mwana Makorora

Nimerudi na jambo. Jana usiku niliweka vipande vitano kwenye flashi, nikaviweka bandani sauti ikiwa imezimwa, nikawauliza wadogo zangu na wenzao, watu kama tisa hivi. Hospitali ya Spider-Man 2: wawili walitaja sinema nyingine za Raimi wakasema "ni huyohuyo". Lori la Nolan: wote. Snyder: wote, kwa ule mwendo. Kasino ya Busan: karibu wote walijua sinema, mmoja tu alisema inafanana na ile ya ngumi. Uwanja wa ndege: wote walijua sinema, na nilipouliza ya nani, walijibu kwa sauti moja, "Marvel."

Hapo Kijana wa Dunda kashinda, tusimnyime haki yake.

Ila nikawaongeza kipande cha sita ambacho sikukipanga. Waongozaji walewale wa uwanja wa ndege, ndugu wawili Russo, mpiga picha yuleyule Trent Opaloch, miaka miwili nyuma, Captain America: The Winter Soldier. Tukio la lifti. Watu wanaingia mmojammoja, lifti inajaa, hakuna anayesema kitu. Banda zima lilikaa kimya, na hakukuwa na sauti ya kuwanyamazisha. Mdogo wangu wa mwisho alinishika mkono.

Kijana wa Dunda

Kaka wa Makorora, nimeirudia hiyo lifti mara tatu usiku huu. Kabla ya ngumi ya kwanza kuna jasho usoni kwa mmoja wao, halafu kuna mkono unaosogea kwenye silaha. Vitu viwili vidogo, na Captain ameshajua. Kuna mtu aliamua tulione jasho lile kabla ya kuona ngumi. Hilo nalikubali, kaka Fundi.

Uwanja wa ndege bado nasimama palepale.